Mvua, upepo wa kusi na paka wa barazani: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Ikifika mwezi wa tano hapa Mombasa simu yangu haipoi. Masika imeshika, mitaro imefurika, alafu ukifika Juni na Julai upepo wa kusi unavuma na watu wanaanza kutoa masweta. Mimi nimesomea afya ya mifugo na nazunguka na begi langu toka Kisauni mpaka Likoni, lakini siku hizi ng'ombe wenyewe wako wapi, wengi mnaonipigia ni wa paka na mbwa. Na maswali ni yale yale kwa iyo nimeyaweka hapa pamoja.

*Paka wangu anatetemeka usiku. Hii baridi inaweza kumuua?*

Baridi yenyewe, la. Julai usiku tunashuka mpaka nyuzi 20 hivi, sisi tunalalamika lakini paka mzima mwenye manyoya yake hana shida na hiyo, joto la mwili wake ni 38 mpaka 39, ametuzidi. Wenzake wa Nairobi Julai wanalala kwenye nyuzi 12 na asubuhi wanaamka. Kinachomuumiza wa kwetu ni kurowa. Manyoya yakisharowa hayashiki joto tena, upepo nao ukimpiga ndio hapo anatetemeka. Kwa iyo kazi yako ni kumkausha, chukua leso kuukuu umfute mpaka kwenye ngozi, tumboni na kwapani, sio kumpapasa mgongo tu basi. Alafu mtafutie pahali pakavu: boksi la sabuni, chini matofali mawili lisiguse sakafu, ndani sweta iliyochakaa, na mlango wa boksi uupe mgongo upepo. Hakuna pesa hapo. Kama amekauka kabisa na bado anatetemeka, basi huyo anaumwa, aonwe.

Watoto wa paka ndio tofauti. Chini ya wiki nne hawawezi kujipasha joto wenyewe. Ukimuokota mmoja mtaroni amepoa, usikimbilie kumpa maziwa, tumbo lililopoa halisagi chakula. Mpashe kwanza polepole, chupa ya maji moto uizungushie leso umlaze kando yake, akichangamka ndio umlishe. Na maziwa ya ng'ombe yanamharisha, tafuta yale ya unga ya paka.

*Anapiga chafya na macho yana tongo. Nimempa nusu Panadol, ni sawa?*

Si sawa, na kama umempa leo wacha kusoma, mkimbize kwa daktari sasa hivi.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, inageuka sumu mwilini, damu inaharibika na kushindwa kubeba hewa. Mwaka mmoja nililetewa paka ndani ya kikapu, amefungwa leso vizuri kabisa, mtoto aliyembeba ametota mvua yeye. Nikamfunua mdomo, ufizi haukuwa mwekundu, ulikuwa na rangi ya kahawa tungu, na uso umefura kama aliyeumwa na nyuki. Nikauliza mmempa nini, kimya, alafu bibi akasema ni nusu tembe tu mwanangu, alikuwa na mafua. Jana yake usiku. Dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, lakini inataka mtu awahi, saa chache za mwanzo ndizo zenye maana. Yule hakufika jioni. Na bibi alimpenda yule paka wallahi, kwa iyo sisemi mtu ni mkatili, nasema tembe ya binadamu asipewe paka, hata kipande, hata ya maji ya watoto. Zile za maumivu za mgongo na magoti pia msiwape mbwa wazee, zinawatoboa tumbo na kuwaharibia figo.

Sasa hayo mafua. Yanatokana na virusi, hayaletwi na mvua, ila mvua inawakusanya paka wote chini ya baraza moja na hapo ndio wanaambukizana. Wewe hutayapata. Paka mkubwa anaweza kupona ndani ya wiki mbili hivi akitunzwa: mfute macho na pua kwa pamba na maji vuguvugu, na chakula kiwe na harufu, maana pua ikiziba hanusi na asiponusa hali. Samaki wa kuchemsha akiwa bado na uvuguvugu, toa miba. Akipitisha siku mbili bila kula kitu, usingoje ya tatu, paka akikaa na njaa ini linaharibika. Na msimpake ile mafuta ya kifua yenye kafuri, anajilamba yote inaingia tumboni na ni sumu kwake.

*Naweza kumwekea jiko la makaa apate joto?*

Chumba kimefungwa madirisha? Hapana. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, itamuua yeye na wewe uliyelala naye. Watu wanakufa hivyo hivyo.

*Mbwa wetu ni wa ulinzi, analala nje. Afanyiwe nini?*

Apate kibanda kilichoinuliwa, hata kwa mbao chakavu, kiwe na paa lisilovuja, na kisiwe kikubwa sana maana anajipasha kwa joto lake mwenyewe. Simiti iliyorowa usimlaze, hasa akiwa mzee, asubuhi viungo vinakaza utamuona anainuka vipande vipande. Alafu mnyororo. Jamani mbwa aliyefungwa mnyororo pahali panapofurika hana pa kukimbilia, maji ya Mombasa yanapanda haraka na nyinyi mko ndani mnaokoa magodoro, nani atamkumbuka? Mvua kubwa ikianza mfungue kwanza.

*Mbona kupe na viroboto vimezidi wakati wa mvua?*

Kwa sababu unyevu ndio maisha yao. Kiroboto unayemuona kwa paka ni mmoja, mayai na watoto wake wako kwenye mkeka, kochi na nyufa za sakafu, kwa iyo ukimtibu paka ukaacha nyumba umefanya nusu kazi. Anika matandiko jua likitoka, fagia mpaka pembeni, na matandiko yake uyafue kwa maji moto.

Kupe wa mbwa ndio wa kuogopa zaidi, analeta vidudu kwenye damu. Mbwa anazubaa, hali, ana homa, ufizi unapauka, mwengine anatokwa na damu puani. Hiyo inatibika lakini mapema. Ukimuona kupe mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi umvute wima polepole. Hakuna kumchoma na sigara wala kumpaka mafuta ya taa.

Na sikilizeni hapa, dawa ya kupe ya mbwa isipakwe paka. Nyingi zina permethrini, mbwa anaivumilia, paka inampa degedege. Hata zile za josho za ng'ombe ambazo watu wanachanganya kwenye karai, alafu wanamtumbukiza paka kwa shingo kama wanaosha mchicha. Nunua iliyoandikwa ni ya paka na umpimie kwa uzito wake.

*Mbwa akicheza kwenye maji ya mvua kuna ubaya?*

Maji ya mtaroni yana mkojo wa panya, na ndani yake kuna bakteria wa leptospira, wanaweza kuishi wiki kadhaa kwenye maji yaliyotuama na tope. Wanaingia kwenye mkwaruzo wa ngozi, macho au mdomo. Mbwa anapata homa, anatapika, macho na ufizi vinageuka manjano, figo na ini ndio vinavyoshambuliwa. Binadamu pia anaupata, kwa mtaro ule ule au kwa mkojo wa mbwa aliyeugua, kwa iyo ukimsafisha vaa glavu. Chanjo ya mbwa ipo, muulize daktari kama ile ya mchanganyiko anayomchoma ina leptospira ndani, na inarudiwa kila mwaka. Akitoka matembezini mwoshe miguu na tumbo, umkaushe baina ya vidole, hapo ndipo ukungu unapoanzia. Maji ya kunywa apewe ndani, mbwa mwenye kiu hachagui dimbwi.

*Mbwa ametokwa na povu mdomoni ghafla baada ya mvua. Ni kichaa?*

Mara nyingi ameuma chura. Mvua ikinyesha wanatoka wale wakubwa wenye mabaka, ngozi yao ina sumu, na mbwa mdogo haachi kujaribu. Msuuze mdomo kwa maji yanayotiririka, kichwa kiangalie chini asiyameze, na umfute ulimi kwa kitambaa. Wengi wanatulia. Akianza kuyumba au kupata degedege, kwa daktari.

Lakini kichaa chenyewe si cha kubahatisha. Kama mbwa hajachanjwa, au amebadilika tabia, au anashindwa kumeza, au sauti imegeuka, usitie mkono mdomoni, mfungie pahali umwite daktari. Chanjo anachomwa akiwa na miezi mitatu alafu kila mwaka, na paka vile vile, hata huyu wa barazani ambaye mtaa mzima unamlisha na hakuna anayesema ni wake. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ukiumwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima ukiangalia saa, alafu hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa.

*Na sungura na njiwa?*

Wao shida yao ni matandazo yaliyorowa. Badilisha kila siku, ziba upande wa upepo tu, juu waachie hewa, maana banda lililozibwa lote linajaa harufu ya mkojo na hiyo ndiyo inayowaua kifua.

*Paka anapotea usiku wa mvua, huwa wanaenda wapi?*

Angalia kwenye magari. Injini iliyozimwa sasa hivi ina joto na ni pakavu, kwa iyo anapanda kwa chini na kulala huko juu, hata kwenye tuktuk nimewatoa. Asubuhi kabla hujawasha piga boneti makofi mawili matatu, na tuktuk ipige ubavuni, ngoja kidogo, sikiliza. Akiwa amelala sana hatoki kwa kofi la kwanza.