Gredi wani haina maana hiyo

"Nunua chache, ila zote ziwe gredi wani." Ushauri huu unasikika kila mahali siku hizi, kwenye vibanda vya nguo za mitumba vya Mwanjelwa, Mbeya, na kwenye kurasa za mavazi mtandaoni, na anayeutoa huwa na nia njema kabisa. Anataka mtu aache kujaza kabati nguo ishirini zisizofika mwakani, awe na nane zinazokaa. Nia hiyo ni sahihi. Neno alilolitumia ndilo linalompoteza mnunuzi, anayedhani gredi wani maana yake ni ubora.

Gredi wani ni daraja la hali ya nguo. Mchambuzi ameishika, ameona haina tundu wala doa, haijapauka, zipu na vifungo vipo vyote, kola haijasagika, akaitupa kwenye fungu la kwanza. Ubora ni habari nyingine: ni namna nguo ilivyotengenezwa, yaani uzi, ufumaji, ukataji na mshono, na kwa hiyo itafuliwa mara ngapi kabla haijaharibika. Gredi inakuambia nguo imetumika kiasi gani. Ubora unakuambia ilitengenezwa itumike kiasi gani.

Asili ya neno ingetosha kutuonya. Gredi tumeichukua kwa Waingereza, na shina lake ni la Kilatini, gradus, maana yake hatua au kidato cha ngazi. Sisi tulikuwa na daraja tayari, neno la Kiarabu lenye picha ileile ya kidato. Kidato hakisemi kitu ni kizuri. Kinasema kitu kiko juu ya kipi, kwa kipimo alichokichagua mpangaji. Mkulima wa kahawa Mbozi analijua jambo hili vizuri, kwa sababu AA ni ukubwa wa punje. Kahawa ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche, na punje kubwa zinazogoma kupita kwenye matundu ya takriban milimita 7 ndizo AA. Zinazofuata kwa ukubwa hupewa herufi nyingine. Zile za mviringo zilizokua peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Ladha haijaguswa hapo. Ladha hupimwa kivyake, kwa kuonja, na AA iliyochachushwa vibaya ni kahawa mbaya yenye punje kubwa. Gredi ya nguo ni chekeche la namna hiyo, na kinachochekechwa ni uchakavu.

Tena machekeche yenyewe hayafanani. Nguo huchambuliwa kwa mkono katika maghala ya ng'ambo, kila kampuni kwa vigezo vyake, na hakuna kipimo kimoja cha dunia kinachosema gredi wani iishie wapi. Mchambuzi ana sekunde chache kwa kila nguo. Doa analiona, muda wa kuvuta mshono hana. Kisha nguo za aina moja hufungwa kwenye belo, mara nyingi la kilo 45, ndiyo inaanza safari. Gredi wani ya ghala moja inaweza kuwa gredi ya pili ya ghala jingine, ndiyo maana anayenunua mabelo kwa uzoefu huuliza kwanza limetoka kwa nani.

Hapa inafaa kulitetea neno mtumba pia, maana nalo hubebeshwa lisilolisema. Mtumba ni furushi, mzigo uliofungwa tayari kubebwa. Neno linataja namna nguo ilivyosafiri, basi; halina ndani yake ukuukuu wala uduni. Jina la zamani, kafa Ulaya, lilimtaja mwenye nguo. "Ya dukani" inataja mahali pa kuuzia. Hata pale vijana wanaposema mtu katupia pamba, mara nyingi alichovaa ni poliesta tupu. Tuna majina mengi ya nguo, na karibu yote yanakwepa kitambaa.

Kwa mwenye kabati kubwa kosa hili ni dogo. Kwa anayetaka nguo chache ni kosa la msingi, na hesabu yake ni rahisi. Mwenye mashati 20, akivaa moja kila siku, kila shati hufuliwa kama mara 18 kwa mwaka. Mwenye mashati sita, kila moja hufuliwa mara 60. Ni beseni, sabuni ya mche, kusugua kola kwa vidole na kuanika juani, mara 60. Fulana nyembamba ambayo haijawahi kuvaliwa ni gredi wani bila ubishi, lakini huko haifiki. Shati zito la pamba lililokosa kifungo kimoja na kushushwa gredi kwa ajili hiyo linafika, na kifungo fundi anakipachika ukiwa umesimama hapohapo.

Kuna jambo wengi hawalifikirii. Nguo iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa imefanyiwa mtihani tayari. Kama kitambaa chake ni cha kurudi, yaani kusinyaa kikifuliwa, kimesharudi. Kama ni cha kuchuja rangi, kimeshachuja. Kama mishono ya ubavuni ni ya kupinda, imeshapinda na unaiona. Ile yenye lebo ya dukani bado inaning'inia, fahari ya kibanda, haijaonyesha kasoro hata moja kwa sababu haijaguswa na maji. Kwa hiyo unaponunua nguo hiyo kagua kwa ukali zaidi, na ukiichukua iwe na nafasi kidogo mwilini. Pamba isiyorudishwa kiwandani huweza kupoteza sentimita mbili au tatu za urefu katika mfuo wa kwanza.

Tena kuna vitu vinavyozeeka bila kuvaliwa. Jaketi la ngozi bandia ni mfano mchungu, hasa kwetu kwenye baridi na unyevu. Mipako mingi ya ngozi bandia ni poliurethani, na unyevu wa hewa huivunja polepole tangu siku ilipotoka kiwandani, iwe imevaliwa au imetundikwa. Jaketi linatoka kwenye belo linang'aa, gredi wani kweli, likifika Tukuyu msimu mmoja wa mvua linaanza kubanduka magamba shingoni na viwikoni, na hakuna fundi wa kulirudisha. Likunje kwa nguvu kwenye kiwiko na chini ya kola: ukiona vistari vyembamba vya ufa, au sehemu inanata kidoleni, liache. Lastiki na jinzi za kuvutika ziko hivyohivyo. Vuta kitambaa cha jinzi kwenye goti, kiachie. Kikirudi papo hapo, sawa. Kikibaki na uvimbe, au ukaona vinyuzi vyeupe vimechungulia, uzi wa mpira umekufa, na goti hilo litavimba kila siku utakayoivaa.

Ubora wenyewe unatafutwa ndani ya nguo. Igeuze. Kwenye shati angalia mshono wa ubavuni: ulio bora umekunjwa, ncha zote za kitambaa zimefichwa, na umeshonwa mistari miwili, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuchanuka. Uliopigwa overloki peke yake unakubalika kwenye fulana, lakini kwenye shati la kazi ndipo patakapofumuka kwanza, kwenye kwapa. Hesabu mishono ndani ya sentimita moja. Mitatu ni shati la haraka, minne ni ya kawaida, mitano na kuendelea ni kazi ya mtu aliyejali. Vuta mshono taratibu pande mbili. Nyuzi zikionekana kama meno ya ngazi, uzi umelegea au kitambaa ni chepesi kuliko mshono wake. Kola ikunje kisha iachie. Ikiwa kitambaa cha kukazia ndani kimebanduka utaona mapovu juu yake, na pasi haiyaondoi.

Suruali ina siri yake nyuma, kwenye mshono wa makalio. Iliyoshonwa vizuri imeachiwa kitambaa cha ziada, sentimita mbili au tatu, na pindo la chini la sentimita nne. Hiyo ndiyo nguo ya miaka, kwa sababu mwili unabadilika na fundi ana pa kuongezea. Iliyokatwa kwa ubahili ina nusu sentimita tu, na ukinenepa kidogo umeipoteza. Sehemu ya katikati ya mapaja inyanyue uitazame kwenye mwanga. Jinzi husagika hapo kabla ya mahali pengine pote, na mwanga ukipenya, imebakiza miezi tu.

Mwanga nao uwe wa jua. Vibanda vingi vimefunikwa kwa turubai la bluu, na chini yake nyeusi iliyopauka inaonekana nyeusi safi, na doa la manjano kwapani linapotea. Toka nayo nje hatua mbili.

Lebo ya ndani isome ikiwepo, maana inataja kitambaa kwa asilimia, jambo ambalo gredi hailitaji kabisa. Ikiwa imekatwa, mwombe muuzaji ruhusa uchomoe uzi mmoja kwenye ukingo wa ndani, uuchome mbali na nguo. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inanywea na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu inawaka kwa kusitasita, inanuka nywele zilizoungua na kuzimika yenyewe. Uzi mchanganyiko hutoa ishara mbili kwa pamoja, na hilo si baya: shati la pamba lenye poliesta kiasi hukauka mapema, na kwa mvua zetu hiyo ni sifa.

Jaribio la sufu lina thamani kubwa kuanzia Mbeya mjini hadi Njombe na Makete, ambako Juni na Julai hakuna mjadala kuhusu sweta. Masweta mengi sokoni ni ya akriliki. Yanatoka kwenye belo yamevimba vizuri, rangi kali, gredi wani, na baada ya mifuo michache yanatoa vivimbe vya nyuzi kwapani na kiunoni, kisha yananyooka hadi mapajani. Sweta la sufu, hata likiwa na tundu dogo la mdudu nondo lililolishusha gredi, linahifadhi joto hata likiwa na unyevu kidogo, na tundu la ukubwa wa punje ya maharage linazibika kwa sindano na uzi wa rangi hiyo. Lifue kwa maji ya uvuguvugu, ulibonyeze bila kulisugua, usilikamue kwa kulisokota, ulianike likiwa limelazwa. Maji ya moto na msuguano huishikamanisha sufu, nalo linageuka zito, dogo na gumu. Ukilikuta sokoni tayari liko hivyo, nene mno kwa udogo wake, mwenyewe wa kwanza alishaliharibu, na halirudi.

Idadi ya nguo nayo isikopwe kutoka kwa watu wa nchi zenye mashine za kukaushia. Chukua siku zinazopita kati ya kufua na kufua, ongeza siku za kukauka, ongeza moja ya akiba. Anayefua kila baada ya siku nne wakati wa kiangazi, shati likikauka kwa siku moja, anahitaji sita. Mvua zikianza Novemba, na hasa kwa mtu wa Rungwe ambako Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, shati la pamba linaweza kuning'inia siku tatu chini ya baraza: nne, tatu na moja, zinakuwa nane. Jinzi nzito huenda ikazidi hapo, kwa hiyo mwenye jinzi mbili tu nzito atajikuta Machi anavaa moja ikiwa mbichi, na nguo inayovaliwa mbichi inashika uvundo usiotoka kwa sabuni. Badili moja iwe kadeti nyepesi. Nguo chache maana yake zinazotosha hali ya hewa ya mahali ulipo.

Muuzaji akikuambia "bosi, hii gredi wani", mwamini. Anakuambia ukweli kuhusu jambo analolijua, kwamba nguo haijachakaa. Mshukuru, kisha umwombe uigeuze ndani nje. Na yule rafiki anayeshauri nguo chache, zote gredi wani, hahitaji kuufuta ushauri wake. Abakize sehemu ya kwanza, na ile ya pili aibadilishe kidogo: nunua chache, zenye kitambaa na mshono mzuri, za gredi yoyote ambayo fundi wako anaweza kuimalizia.