Je, wajua? Asparagasi ya kwenye chungu si kangaga, ni ndugu wa mkonge

Katika vitalu vya miche vya Tanga, asparagasi huwekwa mara nyingi upande wa kivulini, ikichanganywa na makangaga. Ni ule mmea wa matawi marefu yanayoning'inia, yenye vijani vyembamba mno, ambao watu wa mapambo hukata kipande wakatia kwenye shada la harusi. Mnunuzi anaiona imefanana na kangaga, anavipanda vyote viwili katika chungu kimoja, anamwagilia kila siku. Baada ya muda mmoja wao ananyauka, na lawama huenda kwa udongo, kwa mbolea au kwa upepo wa kaskazi. Basi ni mmea gani unaofaa kukaa na asparagasi, na kwa nini kangaga hafai?

Tuanze na mfanano huo, maana ndio unaopotosha. Kangaga halisi halitoi ua wala mbegu. Geuza jani lake utaona vidoa vya kahawia vimepangika upande wa chini: humo ndimo zinamotoka spora, vumbi laini linaloota mmea mpya. Asparagasi haina vidoa hivyo. Hutoa vijiua vidogo vyeupe, kisha matunda ya mviringo yanayoiva yakawa mekundu, yenye mbegu nyeusi ndani. Kwa kipimo hicho tu, asparagasi iko karibu zaidi na kitunguu kuliko kangaga.

La ajabu zaidi ni kwamba vile vijani vyake si majani. Ni vitawi, yaani sehemu za shina zilizofanywa nyembamba na kupewa kazi ya jani. Jani lenyewe lipo, ila limesinyaa likabaki gamba dogo kavu. Chukua tawi, tazama kwa makini mahali vitawi vinapochomoza, utalikuta chini yake. Kwenye shina lililokomaa gamba hilo hugeuka mwiba, na ndio unaomchoma mtu anayepogoa bila glovu. Mmea uliopunguza majani yake hadi kufikia hapo haukuzoea kuloa maji muda wote.

Wataalamu wa mimea wameiweka asparagasi katika familia ya Asparagaceae. Humo yumo mkonge, ambao mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo vya mkonge kutoka Florida, na miche 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huohuo mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika kitaalamu ua la Saintpaulia, lililotoka Usambara, ambalo leo hufugwa madirishani duniani kote. Mimea hii miwili inaonyesha tabia mbili tofauti kabisa: mkonge huvumilia jua na ukame wa tambarare, Saintpaulia hukaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Asparagasi kwa sura inadhaniwa ni ya kundi la pili. Chini ya udongo ni ya kundi la kwanza.

Ing'oe kwenye chungu uone. Mizizi yake imebeba vinundu vyeupe vilivyonenepa, na wapo wanaovikata wakidhani ni ugonjwa wa minyoo ya mizizi. Vinundu hivyo ni akiba ya maji. Fikiria nyumba mbili za mtaa mmoja ambako maji ya bomba hutoka kwa mgao. Nyumba ya kwanza ina tangi, ya pili haina. Maji yakifunguliwa, yenye tangi huvuta ya kutumia na ya kuweka. Isiyo na tangi hupata ya siku hiyo tu. Mgao ukikatika siku nne, ya kwanza haijui kama kuna shida. Tena kila mwaka mwenye tangi anaongeza tangi jingine, hadi uwanja wote umejaa. Ndivyo inavyokuwa ndani ya chungu: vinundu huongezeka, nafasi ya udongo hupungua, na kangaga lenye mizizi myembamba ya juujuu hukosa maji hata kama umemwagilia jana. Ukiongeza maji ili kulinusuru, udongo unakaa tope na vinundu vinaoza. Huwezi kuwaridhisha wote wawili.

Kwa hiyo jirani mzuri ni mwenye akiba yake. Klorofaitamu, ule mmea wa majani marefu yenye mstari mweupe unaoshusha vitoto, ni wa familia hiyohiyo na mizizi yake pia hunenepa kwa maji; kwa maoni yangu hakuna wa kuushinda. Sansevieria, yenye majani magumu yaliyosimama wima, nayo ni ndugu, na hupendeza ikisimama katikati huku asparagasi ikishuka pembeni. Ila yenyewe hunywa maji pungufu kuliko asparagasi, kwa hiyo chungu hicho kikae chini ya paa wakati wa masika.

Undugu peke yake hautoshi, hata hivyo. Mkonge wenyewe unataka jua kali la siku nzima, na jua hilo la mchana hugeuza asparagasi kuwa ya njano na kupukutisha vitawi vyake. Baraza linalopata jua la asubuhi linafaa zaidi.

Utasikia pia kwamba asparagasi ipandwe na nyanya kwa sababu hufukuza minyoo ya mizizi. Habari hiyo inahusu asparagasi ya mboga, ambayo kweli mizizi yake ina kemikali inayodhuru minyoo. Kuihamishia kwa ndugu yake wa mapambo ni kukisia, na nyanya yenyewe ina kiu na inataka jua kuliko asparagasi inavyoweza kustahimili.

Yale matunda mekundu yaondoe mapema kama una paka, mbwa au mtoto mdogo, kwa sababu yakiliwa huvuruga tumbo. Usiyatupe kichakani pia. Aina inayouzwa sana kwa kuning'inizwa asili yake ni Afrika Kusini. Ndege hula matunda na kusambaza mbegu, na huko Florida na Australia imekuwa gugu sugu.

Vinundu vikianza kuinua udongo hadi ukingoni mwa chungu, toa mmea mzima kabla ya masika na uugawe kwa kisu kikali. Kila kipande kibaki na vinundu vyake na machipukizi kadhaa. Kipande kimoja rudisha pamoja na klorofaitamu, kwenye udongo wa mboji uliochanganywa na mchanga wa mtoni; mchanga wa ufukweni una chumvi. Vingine vipe vyungu vyao.