Mbegu chache: kabla hujagandisha, uliza zitawekwa kwenye nini

"Dokta, umeme ukikatika je?" Wananiita dokta ingawa mimi ni mtu wa maabara, na hilo ndilo swali la kwanza la wanaume wengi wanaokuja kugandisha mbegu zao za kiume ili wapate mtoto baadaye. Kwa aliyeishi Dar es Salaam na mgao wake, ni swali la haki. Ila mtungi wetu wa kuhifadhia mbegu hauchomekwi popote. Ndani mna naitrojeni ya kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na kwa kuwa huvukiza kidogo kidogo kila siku, kazi yetu ni kuijazia. Kina chake tunakipima kwa kijiti: unakizamisha hadi chini, unakitoa, unakipunga hewani, na pale ukungu mweupe unaposhika ndipo naitrojeni ilipofika. Wafugaji wanaujua mtungi huu. Kituo cha uhimilishaji (kupandishia ng'ombe kwa mrija) cha Usa River, Arusha, huhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe vivyo hivyo.

Swali ninalotamani kuulizwa ni jingine: mbegu zangu chache hizi zitawekwa kwenye nini?

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinaweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita ya manii. Wapo wanaokuja na milioni 2. Wapo wengine tunaozungusha sampuli yao nzima kwenye mashine, tukainamia darubini mpaka shingo inauma, tukaambulia mbegu 11. Wote huandikiwa "mbegu chache", lakini hawafai kugandishiwa kwa namna moja.

Adui ni barafu. Maji yakiganda hujenga fuwele zenye ncha zinazochana utando wa mbegu. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua, kwa mbegu za jogoo, kuwa gliseroli hupunguza madhara hayo. Ndiyo gliserini ileile ya kupaka ngozi, ila hii ni safi ya maabara. Manii huchanganywa nayo, hutiwa kwenye mirija myembamba, kisha ama mashine inashusha joto polepole (hiyo ndiyo inayohitaji umeme), ama mirija inalazwa kwenye mvuke wa naitrojeni kwa dakika kama kumi kabla ya kuzamishwa. Zikiyeyushwa, takriban nusu ya mbegu zilizokuwa zikitembea huwa hazitembei tena. Mwenye milioni 2 bado amebaki na za kutosha, na kwake mvuke unafaa kabisa. Sioni sababu ya kulipia zaidi.

Kwa mwenye 11, mrija wenyewe ni hasara. Nyingine zitanata ukutani, nyingine zitapotea wakati wa kuosha gliseroli, na zilizobaki utazisaka kama sindano mchangani huku mayai ya mama yakisubiri kurutubishwa maabara. Huyo namshauri ugandishaji wa papo hapo: mbegu zinahesabiwa, zinawekwa kwenye tone dogo mno juu ya kijiti bapa cha plastiki, na kuzamishwa. Maji hayapati muda wa kujenga fuwele, yanakuwa kama kioo. Mara nyingi sukari hutosha badala ya gliseroli, hivyo hakuna kuosha. Tone hili lina tatu, lile mbili, unajua unachokitoa. Na tangu mwaka 1992 tunaweza kudunga mbegu moja ndani ya yai moja, kwa hiyo tatu si haba.

Tahadhari mbili. Tone lililo wazi hugusana na naitrojeni, na virusi vinaweza kuhamia humo, kwa hiyo vipimo vya virusi vya UKIMWI na homa ya ini vifanyike kwanza. Pia wataalamu hawajakubaliana kifaa kimoja, na mkono wa fundi una uzito kuliko jina la njia. Uliza maabara: mmeshayeyusha za watu wangapi wa hali yangu, na mlipata nini?

Usikubali zote ziwekwe kwenye chombo kimoja. Rudi kutoa sampuli mara mbili tatu, kwa kupishana siku mbili tatu. Mwenye saratani aje kabla ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani. Anayechoma sindano za testosteroni kwa ajili ya misuli amwone daktari kwanza, kwa sababu huenda ndizo zinazozima kiwanda cha mbegu.

Ukitolea sampuli nyumbani, ifike ndani ya saa moja. Foleni ya Kimara unaijua, basi ondoka mapema. Na kikopo kiweke ndani ya shati, kikiegemea tumbo. Kuna wanaotuletea kikiwa kimefunikwa barafu, kama samaki wa soko la Feri.