Ushujaa wa Wakati wa Amani ni Nini?

Ushujaa wa wakati wa amani ni kitendo cha mtu kuyahatarisha maisha yake kwa hiari ili amwokoe mwengine, mahali ambapo hapana vita wala adui mwenye silaha. Kwa mwanamaji, kinachomkabili ni bahari yenyewe. Sisi wa Unguja na Pemba tunalielewa hilo kwa uchungu, kwani usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na watu wakaelea gizani wamekumbatia magodoro mpaka walipofikiwa na wavuvi na waokoaji.

Lililo gumu ni kuutenganisha ushujaa na wajibu. Askari wa KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, anapotumwa na boti kwenda kuokoa, anatimiza kazi yake, nayo ni kazi ya heshima. Ushujaa huanzia pale anapojitosa bila ya kuamrishwa, akijua kwamba huenda asirudi. Mtu anayezama hushika chochote akipatacho, hata shingo ya mwokozi wake, akampanda wakazama wote wawili. Ndiyo maana mzoefu humwendea kwa nyuma, akampitishia mkono chini ya kwapa na kumlaza chali ili pua ibaki juu ya maji. Kijana wa cheo cha chini kabisa akilifanya hilo katika mawimbi ya kusi, naona anastahiki nishani ile ile ambayo angepewa kamanda wake.

Baadhi ya mataifa yana nishani za kitendo cha namna hii, kama vile George Cross ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1940, na Navy and Marine Corps Medal ya Marekani, ya mwaka 1942. Hata hivyo, neno “amani” lisipimwe kwa kalenda. John F. Kennedy, ofisa wa jeshi la majini aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alitunukiwa nishani hiyo ya Marekani vita vikiwa vimepamba moto, kwa sababu kilichotazamwa hakikuwa kupigana: Agosti 1943, akiwa na umri wa miaka 26, boti yake ilikatwa na manowari ya Japani, naye akaogelea kwa saa kadhaa kuelekea kisiwani, akimvuta, kwa mkanda wa jaketi okozi alioung’ata kwa meno, baharia aliyeungua.