Pikipiki Kuukuu Ikigoma Kuwaka: Usiilaumu Betri Kabla ya Kuipima

Kwenye steji nyingi za boda hapa Kisumu, stata ikigoma asubuhi hukumu hutolewa kiti kikiwa hakijafunguliwa: betri imekufa. Mwenye pikipiki anakimbilia soko la Kibuye, ananunua betri mpya, anaifunga, na wiki chache baadaye tatizo ni lile lile. Pesa za betri zimekwenda, na siku za kazi zimekwenda nazo. Hili linaniuma, kwa sababu mita ya kupima volti, hata ile ya bei ya chini, ingemwonyesha ugonjwa ulipo kabla hajatoa shilingi. Nazungumzia pikipiki za zamani za kabureta, zenye stata ya umeme na kiki.

Dhana inayopotosha wengi ni hii: "Taa zinawaka na honi inalia, kwa hivyo betri ni nzima." Taa ya mbele ya wati 35 hunywa ampea 3 hivi. Stata huhitaji makumi ya ampea kwa mara moja. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa vizuri kabisa, kisha ikaishiwa nguvu mara tu unapobonyeza stata. Iache ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa, halafu pima. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 hadi 12.8, ikiwa 12.0 au chini ya hapo, imekaribia kuwa tupu. Kisha shikilia mita pale pale kwenye vichwa vya betri, mwenzako abonyeze stata. Stata ikizunguka na volti zikabaki juu ya 10, betri inafanya kazi yake. Zikiporomoka chini ya 9.5, ichaji mpaka ijae, upime tena. Ikiporomoka tena na stata yenyewe haijakwama, hapo nenda dukani. Na kama volti hazishuki hata kidogo huku stata iko kimya, umeme haupiti kwenye stata, na betri mpya haitabadilisha chochote.

Wale wa Molo na sehemu nyingine za juu za Nakuru wana jambo la ziada. Baridi ya alfajiri hupunguza nguvu ya betri na huifanya oili iwe nzito, kwa hivyo betri iliyopita mtihani saa nane mchana inaweza kushindwa saa kumi na moja asubuhi. Ipime saa inayokusumbua.

"Ikilia tik halafu ikanyamaza, rilei ya stata imeungua." Si lazima. Rilei ni swichi inayopeleka umeme mwingi wa betri kwenye stata. Huo mlio mmoja unakuambia jambo zuri: koili ya ndani ya rilei imepata umeme na imevuta, kwa hivyo fyuzi, swichi na nyaya nyembamba ziko sawa. Milio mingi ya haraka, tik-tik-tik-tik, kwa kawaida ni betri dhaifu au kichwa cha betri kilicholegea: rilei inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena.

Mlio ukiwa mmoja, tafuta nati mbili kubwa za rilei, zile zenye nyaya nene, uweke ncha za mita kwenye nati hizo. Kabla ya kubonyeza utaona karibu volti zote za betri. Ukibonyeza, zinapaswa kushuka karibu na sifuri. Zikibaki 12 ilhali rilei imelia, shaba ya ndani imeungua na rilei ni ya kubadilishwa. Zikishuka na stata bado iko kimya, iache rilei. Mafundi wengi huunganisha nati hizo kwa bisibisi badala ya kupima. Njia hiyo huonyesha kitu, lakini cheche zake ni kubwa na tangi la petroli liko karibu, na pikipiki ikiwa kwenye gia inaweza kuruka. Mita inakupa jibu lile lile bila hatari.

Sasa tufike mahali ninapoona watu wakipoteza pesa zaidi. Wanaamini waya wa muhimu ni ule mwekundu, na kwamba waya mweusi ni wa kukamilisha tu. Umeme wote unaoingia kwenye stata lazima urudi kwenye betri. Unarudi kupitia chuma cha injini, unafika kwenye boliti moja, kisha unapita kwenye ule waya mweusi mnene. Fungua boliti hiyo kwenye pikipiki iliyokaa miaka kando ya ziwa, Dunga au Usoma. Juu inaonekana imekazwa vizuri. Chini yake, pete ya waya ina unga wa kijani, boliti ina kutu, na pale pete inapolala kuna rangi ya kupulizia, kwa kuwa aliyepaka fremu upya hakukwangua mahali pa kugusana. Taa zitapita hapo bila shida. Stata haitapita.

Kuigundua, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, risasi yenyewe wala si kibano cha waya, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza stata. Mita ikizidi nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Piga msasa hadi chuma king'ae pande zote, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Ikiwa ethi, yaani njia hiyo ya kurudi, ni nzuri, rilei ni nzima, umeme unafika na stata haizunguki, ifungue uangalie burashi zake za kaboni. Nyingi huwa zimeisha tu, na hubadilishwa bila kununua stata nzima.

Kuna upande mwingine: injini inazunguka lakini plagi haitoi moto, na jibu la haraka huwa "CDI imeungua," yaani kile kisanduku cha elektroniki kinachoamuru plagi itoe moto. CDI hulaumiwa kwa sababu haifunguliwi, tena mita ya kawaida haiwezi kuipima ipasavyo. Ndiyo maana iwe ya mwisho. Mvua za jioni za huku kwetu, na kuoshwa kwa mtambo wa presha, huingiza maji kwenye kofia ya plagi na kwenye swichi ya funguo. Vua kofia, ikaushe, angalia nyufa. Usiku, mwenzako akizungusha injini, tazama waya wa koili, ule mnene unaokwenda kwenye plagi, bila kuushika: ukiona cheche ndogo za buluu zikiruka kuelekea kwenye chuma, umempata mwizi.

Kwenye pikipiki nyingi za mtindo wa Honda CG125, swichi huzima injini kwa kupeleka waya mmoja kwenye ethi, mara nyingi mweusi wenye mstari mweupe. Ukichubuka na kugusa fremu, pikipiki inajiona imezimwa. Uchomoe kwenye CDI. Moto ukirudi, CDI haina kosa. Tengeneza waya kisha uurudishe, maana bila huo funguo haizimi injini.

Usipime pikipiki yako kwa ya jirani. Ya kwake inawaka kwa kiki hata betri ikitolewa, kwa kuwa CDI yake hulishwa na koili ya magneto, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Yako huenda hulishwa na betri, na ikiisha kabisa unaweza kupiga kiki mpaka mguu uvimbe. Kwa aina hii, tafuta kwanza kama volti 12 zinafika kwenye CDI funguo ikiwa imewashwa.

Baada ya kuwaka, pima tena kwenye betri huku umeongeza resi kiasi. Unataka volti 13.5 hadi 14.5. Zikibaki chini ya 13, koili za magneto, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magneto uweze kuchaji betri) au soketi zake hazichaji. Zikizidi 15, betri itachemka. Na maji ya betri ya kufunguliwa yakipungua, usiongeze asidi, hata fundi akikushauri. Kinachopotea ni maji, na kinachorudishwa ni maji yaliyotoneshwa (distilled), si ya bomba wala ya kisima.

Fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya. Tafuta waya uliochubuka, hasa chini ya tangi na kwenye shingo ya usukani, kisha weka fyuzi yenye ampea zile zile.