Tiba ya sumaku kwa dipresheni: maswali kutoka Mombasa

Habari za "mashine inayotibu huzuni" zimezagaa kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa, na kila ninapozungumza na kina mama wa Kisauni au Likoni kuhusu afya ya akili, maswali huelekea huko. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

Hii si ndiyo ile ya kupigwa shoti?

Siyo, ingawa zina ukoo. Tiba ya umeme ilianza Roma mwaka 1938, kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku hizo mgonjwa hakulazwa usingizi kwanza, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Leo hupewa dawa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli, hivyo kifafa kifupi, ambacho umeme hukusudiwa kukileta ili kutibu, hutokea ubongoni bila mwili kurukaruka. Baadhi ya watu husahau mambo ya karibuni, na familia ina haki ya kuambiwa hilo mapema. Lakini kwa mtu aliyeacha kula na kunywa, au anayesikia sauti zikimwambia hafai kuishi, ndiyo tiba yenye nguvu zaidi tuliyo nayo. Inaniuma ikiitwa adhabu.

Katika tiba ya sumaku mgonjwa yu macho, ameketi kitini, na akimaliza anashika njia kwenda zake.

Sumaku inafikaje ubongoni bila kupasua kichwa?

Fuvu huzuia umeme sana, lakini nguvu ya sumaku hupenya. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa na kupitishwa umeme kwa muda mfupi mno. Sumaku inayozuka na kutoweka ghafla huamsha umeme mdogo ndani ya seli za neva zilizo sentimita chache chini ya mfupa.

Anthony Barker na wenzake, Sheffield nchini Uingereza, walionyesha jambo hili mwaka 1985: waliweka koili juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, na mkono wa mtu ukashtuka. Daktari wa akili Mark George wa Marekani alijiuliza kama kinachoweza kuusogeza mkono kinaweza pia kuinua moyo. Picha za ubongo zilikuwa zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa dipresheni sehemu ya mbele, upande wa kushoto, hufanya kazi kwa unyonge. Akailenga hiyo. Mwaka 1995, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 6 tu ambao dawa zilikuwa zimewashinda, na baadhi yao walipata nafuu ya wazi. Ilichukua hadi 2008 kabla ya mamlaka ya dawa ya Marekani kuidhinisha mashine ya kwanza kwa ajili ya dipresheni.

Utaratibu wa kawaida ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6, kila mara dakika 37 na nusu. Mwaka 2018 utafiti wa Kanada wenye wagonjwa 414 ulionyesha kwamba mpigo wa aina nyingine, wa dakika 3 tu, haupitwi na ule mrefu. Kwa kuli wa bandarini au mama wa viazi karai hilo si jambo dogo, japo safari ya kila siku na foleni ya feri ziko pale pale.

Nimesikia siku tano tu zinatosha. Ni kweli?

Habari hiyo inatoka Chuo Kikuu cha Stanford, kwenye utafiti ulioongozwa na daktari wa akili Nolan Williams. Kikosi chake kilitoa vipindi 10 kwa siku, kwa siku 5, na kila mgonjwa alipigwa picha ya ubongo kwanza ili koili ilenge mahali panapomfaa yeye. Katika jaribio lililochapishwa 2020, wagonjwa 19 kati ya 21 dalili zao zilitulia kabisa. Likafuata jaribio la kulinganisha na mashine bandia: asilimia 79 ya waliopata tiba halisi walifikia hali hiyo ndani ya wiki nne, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao. Idhini ya Marekani ilitoka 2022.

Nimefurahi, sifichi. Lakini jaribio hilo la pili lilikuwa na watu 29 tu, na dipresheni huweza kurudi hata baada ya nafuu kubwa. Akija mtu na kukuahidi kwamba utapona siku tano na hutarudi tena, muulize idhini ya mashine, muulize jina la daktari wa akili anayesimamia, kisha usilipe chochote siku hiyo.

Mume wangu ameza dawa wiki mbili, haoni tofauti. Si bora twende kwenye mashine?

Bado, dada yangu. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu watu wengi huacha tiba siku chache kabla haijaanza kuwafaa. Dawa kama fluoxetini huhitaji wiki 4 hadi 6. Kichefuchefu na kukosa usingizi hutangulia, nafuu hufuata. Ukiacha ghafla unaumwa zaidi, na unaamini dawa ndiyo mbaya.

Kabla ya kusema dawa imeshindwa, daktari atauliza mengi. Je, kipimo kilipandishwa? Anameza kila siku, au siku ambazo moyo umemwelemea tu? Tezi ya shingo imepimwa? Anakunywa pombe, anatafuna muguka usiku kucha? Amepata mtu wa kuzungumza naye, mshauri aliyesomea? Kwa kawaida madaktari husema dipresheni imekaidi pale dawa mbili tofauti, kila moja kwa kipimo kamili na muda kamili, zimeshindwa. Watu hao wapo, na tafiti hizi zote zilifanywa kwa ajili yao.

Mama mkwe asema ni jini, apungwe kwanza.

Msikilize kwa heshima. Dua na kisomo havigombani na vidonge, na wagonjwa wengi hupata utulivu humo. Ninachokataa ni mtu kuambiwa aache dawa mpaka kombe liishe, au kufungwa na kunyimwa chakula. Mwombe mama mkwe aje kliniki pamoja nanyi. Mara nyingi yeye ndiye aliyegundua kwanza kwamba kijana hali chakula.

Nani hafai kuwekewa sumaku?

Mwenye chuma kichwani, mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, na kwa tahadhari kubwa mwenye kifaa cha kuendesha moyo au historia ya kifafa. Kifafa kinachosababishwa na tiba yenyewe ni nadra sana, lakini uwezekano huongezeka kwa kukosa usingizi, kuacha pombe ghafla na vichangamsho. Muguka umo humo. Mwambie daktari ukweli. Madhara ya kawaida ni kichwa kuuma na ngozi kuwasha pale koili inapogonga. Mashine ina kelele, kwa hiyo masikio huzibwa.

Na ketamini?

Ni dawa ya usingizi ya vyumba vya upasuaji. Tangu utafiti wa Yale mwaka 2000 imejulikana kwamba kiasi kidogo huweza kupunguza dipresheni kwa saa badala ya wiki, ila nafuu hupungua upesi. Hupandisha presha na huzoesha. Hutolewa mbele ya wahudumu tu.

Ramadhani je?

Tiba ya sumaku haina kidonge wala sindano. Hukumu ya saumu muulize sheikh wako. Mimi nina wasiwasi na usingizi: anayekesha hadi daku amwarifu daktari, ahamishiwe saa. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo, asifunge bila ushauri, kwani upungufu wa maji huipandisha damuni hadi kuwa sumu.

Ndugu yangu ametamka kujiua. Naogopa hospitali itamwita polisi.

Mpeleke leo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za panya ndani ya nyumba, na muulize waziwazi kama ana mpango. Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Nendeni hospitali ya Port Reitz kwenye kitengo cha afya ya akili, au hospitali ya Makadara ikiwa ni karibu zaidi. Usiku wa manane, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.