Oparesheni ya uzazi: Mfaransa aliyethubutu kushona kizazi mwaka 1769

Eti zamani mama akipasuliwa, kizazi kilikuwa hakishonwi?
Ndio, walikuwa wanashona tumbo la nje tu, kizazi kinaachwa wazi hivohivo. Mwaka 1581 pale Paris daktari François Rousset alitoa kitabu cha kutetea kumpasua mama akiwa bado mzima, maana kabla ya hapo kwa kawaida walikuwa wanapasua aliyeshakufa ili kumuwahi mtoto, sasa humo ndani akasema kizazi hakina haja ya uzi, kitajikunja chenyewe. Na yeye mwenyewe hata hakuwahi kufanya hiyo oparesheni, alikusanya tu habari za wengine! Wapasuaji kama Ambroise Paré na mwanafunzi wake Guillemeau walipinga, walishaona akina mama wanakufa.

Lakini si kweli kizazi hujikunja?
Hujikunja, na kinavyojikaza ndo kinabana mishipa damu ipungue. Ila ule mpasuko unaweza kubaki mdomo wazi, damu na uchafu wa uzazi vinamwagikia tumboni, na enzi hizo habari ya kunawa mikono kabla ya kupasua haikuwepo. Halafu tusiwaone wajinga, walikuwa na hoja: uzi wao ulikuwa hauyeyuki, ukishashonea ndani ukafunga tumbo utautoaje?

Nani sasa akathubutu?
Mpasuaji mmoja anaitwa Lebas, wa Mouilleron huko Ufaransa, mwaka 1769 alikishona kizazi na mama akapona. Ungetegemea wote wamuige, wapi! Zaidi ya miaka 100 ikapita, 1876 daktari Porro wa Italia akaona bora akiondoe kizazi mama asitokwe damu, mpaka 1882 Mjerumani Max Sänger alipoeleza namna ya kukishona vizuri kwa uzi wa fedha na hariri, hapo ndo ikashika.

Huku kwetu je?
Mwaka 1879 Muingereza Felkin alishuhudia oparesheni Kahura, Bunyoro, Uganda. Mama alipewa pombe ya ndizi, mpasuaji naye akanawia hiyohiyo, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, kizazi hakikushonwa, kilikamuliwa kwa mkono kikajikaza, na ngozi ikafungwa kwa vijiti vya chuma. Mama na mtoto wote walipona.

Mimi nilijifungua kwa oparesheni, nyuzi za ndani zinatolewa lini?
Hazitolewi dada, za siku hizi zinayeyuka zenyewe. Ila kovu linabaki kwenye kizazi na mimba inayofuata linaweza kuachia, ndo maana unaambiwa upumzike kama miaka 2 hivi kabla ya kushika nyingine, na ukajifungulie hospitali yenye uwezo wa kupasua, klinik uwaambie mapema una kovu. Kwa sasa ukiona homa, uchafu unaonuka, damu nyingi au tumbo linauma kuzidi jana yake, rudi hospitali leoleo, usisubiri tarehe ya kliniki.